Noah ya kukodi, Mbeya hadi Matema: dereva nyota tano, waipa nyota moja

Najua wengi mnasoma aya ya kwanza na kuondoka, kwa hiyo hukumu iko hapa hapa. Gari nyota tatu. Dereva nyota tano. Waipa nyota moja, na hiyo moja ni ya upande wa dereva. Barabara yenyewe, kuanzia Uyole kupanda Isyonje, kushuka Kiwira na Tukuyu, hadi Kyela na kumalizikia kwenye mchanga wa Matema, siidai kitu.

Jina la ofisi iliyotukodishia silitaji. Pale Mbeya magari ya kukodi yanaazimana ofisi kwa ofisi, na Noah hiyo hiyo unaweza kuikuta kesho mlango wa pili. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu na binti yake anayesoma chuo. Tulikwenda Mbeya kwa harusi ya Pasaka, harusi ikaisha salama, tukaona kufika huko kote na kurudi Dar bila kuliona Ziwa Nyasa ni kuitupa nauli. Laki na nusu kwa siku pamoja na dereva, mafuta juu yetu. Kwamba chakula na malazi ya dereva nayo ni juu yetu tuliambiwa asubuhi ya safari, mizigo ikiwa imeshaingia kwenye buti. Nyota ya kwanza iliondokea hapo.

Nimefanya uhasibu kwenye kampuni ya mabasi mpaka nikastaafu, risiti za tairi na za breki nimezishika kuliko za unga. Kwa hiyo mdogo wangu alipokuwa anaisifia redio yenye skrini kubwa, na binti anajaribu kama simu inachaji, mimi nilikuwa nazunguka gari napiga matairi teke. Ya mbele mazuri. Ya nyuma yanaelekea upara lakini nyuzi hazijatokeza. Tairi la akiba lipo, jeki ipo, spana ya nati ipo, pembetatu zipo. Raba ya waipa ya kushoto ilikuwa imechanika nchani, kipande cha urefu wa kidole kinaning'inia. Nikamwonyesha kijana wa ofisi.

"Mama, hiyo ni mpya, haina hata mwezi."

Nje jua linawaka, mlima Loleza unaonekana mpaka mti mmoja mmoja. Ukigombania waipa kwenye jua kama lile unaonekana una lako jambo. Mdogo wangu akanivuta mkono, twende dada, tunachelewa.

Jua la Mbeya mjini halikwambii lolote kuhusu wilaya ya Rungwe. Unyevu unatoka Ziwa Nyasa, upepo unausukuma kupanda milima ya Livingstone, Rungwe na Uporoto, na ukifika juu unapoa na kugeuka ukungu na mvua. Mvua nyingi inamwagika upande ule wa ziwani. Mbeya mjini iko mgongoni mwa milima, inapata makombo, na bonde la Usangu huko chini linapata pungufu zaidi. Rungwe kuna maeneo yanayopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndiyo yenyewe. Unatoka Uyole na miwani ya jua, unafika Isyonje unatafuta sweta. Ofisi yoyote inayokodisha magari Mbeya inalijua hili kuliko mimi wa Tabata, Dar, na ndiyo maana raba ile iliniuma kuliko bei.

Igawilo tulipita kwa jua. Kilima kikaanza, viazi kulia, viazi kushoto, magunia ya lumbesa yamepangwa kando ya lami yanasubiri lori. Halafu ukungu ukashuka, sio kidogo kidogo, umeshuka tu, na mvua nyembamba ndani yake. Dereva akawasha waipa. Ya kulia ikafagia. Ya kushoto ikachora upinde wa tope kwenye kioo, ikarudi, ikauchora tena, na kile kipande kilichochanika kikawa kinapiga kioo ta, ta, ta. Upande wangu sikuona kitu zaidi ya taa mbili za lori zinazokuja.

Dereva wetu ni mtu wa Rungwe, makamo, aliyewahi kuendesha Kosta za Mbeya na Kyela. Hakusimama barabarani. Alikwenda taratibu mpaka akapata uwanja wa wanunuzi wa viazi, akaingia ndani kabisa, mbali na lami, akazima injini. Akaomba kiazi kimoja, akapewa. Akakikata katikati, akakifuta kioo kwa kitambaa, kisha akakisugua kwa kile kiazi kwa mizunguko midogo midogo, kuanzia juu kushuka, upande wangu akarudia mara mbili. Ule utomvu ukaacha utando mweupe ambao hukuweza kuuona tena maji yalipogusa. Maji yakaacha kusimama matone, yakawa yanatambaa na kushuka. Halafu akaikata ile raba inayoning'inia, isije ikakwaruza kioo. Ndani akawasha AC, hewa akaielekeza kwenye kioo, akashusha dirisha upana wa vidole viwili, na mvuke wa pumzi zetu ukaondoka.

"Kaka, hii umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Mama, ukiendesha Kosta ya tajiri asiyenunua waipa utajua mengi."

Kiazi kilichobaki kilikaa juu ya dashibodi safari nzima na kilifanya kazi tena Tukuyu. Mnaokwenda kuendesha wenyewe, chukueni hiyo, ila haiwi mbadala wa raba nzima. Ni ya kukufikisha dukani.

Niseme kidogo kuhusu uendeshaji wake, maana hapo ndipo nyota tano zilipotoka. Kwenye ukungu hakuwasha taa kubwa hata mara moja. Mwanga unagonga ukungu unakurudia machoni, na yeye alibaki na taa ndogo za kuinamisha na jicho kwenye mstari mweupe wa pembeni. Kwenye miteremko alishusha gia akaacha injini ishike gari, hakuegemea breki kilima kizima. Ukiwa umesaini hundi za pedi za breki kama mimi unajua dereva anayeteremka na mguu juu ya breki kwa harufu, hata ukiwa kiti cha nyuma. Barabara hii inabeba malori na matangi ya mafuta yanayokwenda Malawi kupitia Kasumulu, na inabeba magari ya IT, yale yanayotoka bandarini Dar kwenda kwa wenyewe. Hao wa IT wanaendesha gari ambalo si lao kwenda kwa mtu wasiyemjua, na wanapita kwenye kona ya ukungu kama wanajua upande wa pili kuna nini. Wawili walitupita hivyo. Dereva alipunguza mwendo akawaachia nafasi, akanyamaza. Mimi sikunyamaza.

Isyonje kuna njia inayochepuka kwenda Kitulo, na Kitulo ndiyo iliyokuwa ndoto ya binti: ile hifadhi ya maua iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Ilikuwa kwenye makubaliano yetu na ofisi. Dereva akasimama njia panda, akashuka kuongea na dereva wa Fuso lililotoka huko juu na viazi. Fuso lilikuwa na tope mpaka kwenye vioo vya pembeni. Akarudi akasema hatuendi. Kipande cha udongo kimelegea, Noah itakaa huko mpaka mtu aje na trekta, na isitoshe msimu wa maua unaelekea ukingoni. Binti akanuna. Mimi nikamwandikia dereva nyota yake ya nne papo hapo. Kwa mkataba wa laki na nusu kwa siku, dereva anayekataa Kitulo amempunguzia tajiri shida na sisi ametuokolea siku nzima. Wengine wangepanda tu, wakwame, siku ziongezeke.

Badala yake akatupeleka ziwa Ngosi. Gari linaacha lami kijiji cha Mbeye One, linaingia njia ya udongo kiasi, halafu ni miguu. Kuna ada, kuna kijana wa kukuongoza, bei zote mbili ziulizwe kabla ya kuvaa viatu. Njia inapita msitu mzito, migomba pori, kisha mianzi, na mwisho kuna kipandio cha utelezi ambapo unashika mizizi. Mdogo wangu alivaa raba nyeupe za harusi. Sitasema zaidi.

Tukafika ukingoni hatuoni ziwa. Tunaona weupe. Kijana anasema ziwa liko hapo chini, na sisi tunaitikia. Ngosi ni ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano, ukingo uko juu kabisa na kuta zake zinashuka mteremko mkali mpaka majini, sasa ukiwa ukingoni kwenye ukungu unakuwa umesimama kando ya korongo usilolijua kina. Tulikaa tukala karanga. Mwongozaji akatuambia tusiondoke, upepo ukigeuka linafunguka. Likafunguka. Kwanza kipande cha maji upande wa kushoto, kijani cha chupa, halafu ukuta wa miti ng'ambo, halafu ziwa zima mara moja, na wingu moja dogo limebaki katikati linasogea juu ya maji. Binti akasahau Kitulo. Picha alizopiga nzuri ni mbili, kabla weupe haujarudi. Watu wanasema maji yale hubadilika rangi, na kila mtu ana hadithi yake kwa nini. Kwa dakika zile chache tuliona kijani, kisha bluu, kisha kijivu, na mimi nadhani ni mawingu tu, lakini sikubishana na mwenyeji.

Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira tuliliona kwa mwavuli. Ni mwamba wa zaha ya volkano iliyoganda ikavuka mto, na maji yanapita chini yake. Zuri, fupi, nenda, usilitengee siku.

Mlima Rungwe, wenye mita 2,960 hivi, hatukuuona siku ya kwenda. Dereva alikuwa ananyoosha kidole kwenye wingu: "Mlima uko pale, mama." Ndani ya msitu wake anaishi kipunji, kima mwenye nywele ndefu ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005. Wenyeji walikuwa wanamjua tangu zamani, na dereva alilisema hilo kwa dharau kidogo.

Tukuyu tulifika mvua inapiga mabati mpaka hatusikiani. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko, mashamba ya chai yanauzunguka, na watu wanatembea na miavuli kama sisi tunavyotembea na simu. Chakula: ndizi mbalaga na nyama, maziwa ya mgando pembeni, chai nzito. Parachichi tuliuziwa ndoo ndogo kwa bei ambayo Dar unapata matatu. Mama muuzaji aliniongezea mengine mawili, nikamwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, neno pekee nililolibeba kutoka harusini, akaongeza la tatu. Hapa pia dereva alipita duka la spea akauliza raba ya waipa. Ilikuwepo. Akapiga simu ofisini kuomba ruhusa ya kununua, akaambiwa avumilie, gari litahudumiwa likirudi. Raba! Nilimpa hela yangu, akafunga mwenyewe kwa kutumia jino na bisibisi, nikaomba risiti. Risiti hiyo ina kazi yake baadaye.

Ziwa Masoko lilikuwa kituo cha nusu saa, na ndiyo nusu saa ya jua tuliyoipata Rungwe. Ziwa la duara, dogo, limetulia, na boma la Wajerumani juu yake. Wanasema Wajerumani walizamisha mali zao humo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mdogo wangu alitaka kujua kama kuna mtu ameshazamia.

Kutoka Tukuyu kwenda Kyela unashuka kama mita elfu moja, na mwili unajua. Masikio yanaziba. Sweta linavuliwa, halafu soksi. Chai inaisha, inakuja migomba na kakao, maganda ya njano yameshikana na shina lenyewe, halafu migomba inaachia na mpunga unaanza, tambarare, maji mpaka kwenye kingo za barabara. Aprili mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka imejaa, na Kyela ndiko inakotulia. Joto nalo linapanda kwa haraka, na hapa gari likapoteza alama nyingine: ile AC iliyotutoa mvuke Isyonje kwenye baridi, kwenye joto la Kyela ilipuliza hewa ya mdomoni. Tukafungua vioo. Kwa wanaonunua mchele: dereva alitupitisha maduka ya barabarani yenye magunia yaliyoandikwa Kyela kwa herufi kubwa, akatupeleka mashineni, mchele unatoka tukiuona, wa moto bado. Harufu ya ule mchele ilikaa ndani ya Noah mpaka mwisho na ikaishinda ile manukato ya ofisi iliyotundikwa kwenye kioo.

Lami ya Ipinda kwenda Matema ni nzuri, nyembamba, watoto na ng'ombe wako juu yake. Unaiona milima ya Livingstone mbele yako inakua, unasubiri iishe ili ziwa lianze, haiishi. Inaingia majini moja kwa moja. Matema ni kona ambapo mchanga unakutana na ukuta huo, na ndiyo maana hali yake ya hewa haiaminiki: wingu linazaliwa juu ya milima saa tisa, saa kumi liko juu ya kichwa chako. Tulifika maji yametulia kabisa, tukaoga. Usiku upepo wa kusini ukaja na mawimbi yakapiga ufukwe kwa sauti ambayo mtu wa Dar anaijua, isipokuwa hakuna harufu ya chumvi. Nyumba ya wageni ilikuwa safi, neti nzima, umeme ulikatika na taa ya sola ikashika. Chakula cha usiku mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela. Mbasa ana miiba midogo mingi, kula ukiwa umenyamaza. Nyama yake tamu kuliko sato, na narudia hilo nikijua nina ndugu Mwanza wanaosoma.

Kama unaweza, panga uwe huko Jumamosi. Wakisi wa kijiji cha Ikombe wanaleta vyungu vyao kwenye soko la Lyulilo, hatua chache kutoka ufukweni. Wanawake wanavifinyanga kwa mkono, na vinakuja kwa mitumbwi kando ya milima kwa sababu upande ule njia ni ziwa au miguu. Ziwa likichafuka asubuhi soko linachelewa. Siku yetu lilichafuka. Tulikaa kwenye mvua ya rasharasha tukisubiri, wanunuzi wa kutoka Tukuyu wameegesha magari, kila mtu anaangalia majini. Mitumbwi ilipofika, vyungu vilikuwa vimepakiwa na nyasi kavu, na hakuna kilicholoa ndani. Nilinunua vinne na kimoja kikubwa cha maji. Yule mama aliyeniuzia alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole nisikie mlio, kisha akamwambia dereva kwa Kinyakyusa avipange vipi. Vikapangwa kati ya viti kwa majani ya migomba na kanga zangu, mdomo chini. Vimefika Tabata vyote.

Siku ya kurudi, mlima Rungwe ulikuwa wazi toka chini mpaka juu. Dereva alisimamisha gari mashambani mwa chai bila kuombwa, akashuka, akasimama pembeni na kutuacha tuangalie tunavyotaka. Tulipofika Isyonje ukungu ulikuwa unatusubiri, waipa zote mbili zikafagia, na hakuna aliyeongea chochote kuhusu kiazi.

Ofisini nilitoa risiti ya raba. Kijana yule yule akasema hiyo ni matengenezo ya hiari ya mteja. Nikamwomba aniitie mkubwa wake, akaja, nikamwonyesha picha ya kioo chenye upinde wa tope nikiwa nyuma ya lori la mafuta. Akalipa. Kisha wakatoa yao: elfu kumi na tano ya kuosha gari, eti limerudi na tope jingi. Nikauliza barabara wanayoikodishia magari wanadhani inakuwaje mwezi wa nne. Tulimalizana kwa elfu tano, nikasimama mezani mpaka risiti ikaandikwa, na namba ya dereva ninayo, atakayeihitaji aulize.